Naomba ushauri: makato ya mfuko wa kusaidiana yanawakimbiza wauzaji wakubwa

Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha wauza mawese hapa Ujiji, Kigoma. Kila mwanachama huuza kwa bei anayopatana na mteja wake, lakini tunakata shilingi 1,000 kwa kila dumu la lita 20 kwa ajili ya mfuko wa matibabu na uzazi. Wauzaji wakubwa wanalalamika kwamba wanawabeba wengine, na wawili wameanza kuuza madumu yao jioni, nje ya daftari. Tulishusha makato hadi 500, mfuko ukakauka kabla ya masika.

Nimesoma kwamba Ludwig Erhard, aliyekuwa msimamizi wa uchumi, alipoondoa udhibiti wa bei nyingi Ujerumani Magharibi mwaka 1948, bima ya ugonjwa iliyoanzishwa na Bismarck, kansela wa Ujerumani, mwaka 1883 haikufutwa, na michango yake hufuata kipato cha mtu hadi kwenye ukomo fulani. Mzee wetu mmoja bado analilia maduka ya ushirika, ingawa naona amesahau foleni za sabuni.

Naomba kuuliza: je, makato yaendelee kufuata idadi ya madumu lakini yawe na ukomo kwa mwezi, au kila mmoja achangie kiasi sawa? Na aliyeuza nje ya daftari akiugua, asaidiwe?