Mtoto maziwa yanamkataa, jibini inaweza kuziba pengo?

MamaNeema_Uyole: Habari za jioni wakuu. Nipo Uyole, Mbeya. Binti yangu ana miaka 3, akinywa maziwa tu tumbo linajaa gesi na anaharisha. Vipele hatoki. Mtindi anajitahidi, ila si kila siku. Juzi shemeji kaja na kipande cha jibini ngumu kutoka Njombe, binti kakipenda mpaka anakililia. Ina lishe kweli, au ni chakula cha mahotelini tu? Roho inaniuma kumwona anakua bila maziwa na sisi ng'ombe tunafuga.

FundiMtindi: Dada, mpe. Nimefanya kazi ya kutengeneza jibini miaka kadhaa. Kilo 1 ya jibini ngumu inakula lita 10 hivi za maziwa. Protini, mafuta na kalsiamu vinabaki kwenye donge. Sukari ya maziwa, ambayo ndiyo huwavuruga wengi tumbo, nyingi inatoka na yale maji tunayokamua, na iliyobaki inaliwa na bakteria jibini ikikomaa. Iliyokomaa lakini, siyo laini ya jana.

Mwl_Tukuyu: Gramu 30, kipande cha ukubwa wa kiberiti, kina protini kama gramu 7 na kalsiamu miligramu 200 hivi. Hapo umekaribia glasi ya maziwa. Shida ni chumvi! Kiberiti kimoja kwa siku kinamtosha, na ukimkwangulia kwenye viazi usitie chumvi nyingine. Madini ya chuma hayamo ya maana, vitamini C hamna, kwa hiyo maharage, mboga na matunda usimwachishe.

Mkwawa_Binti: Jamani, uliza kwanza kama maziwa yalipashwa moto. Mimi brusela niliipata kwa maziwa mabichi ya nyumbani kwetu Iringa. Homa inakuja inaondoka, viungo vyote vinauma, dawa wiki 6. Sitaki mtoto wa mtu apitie hayo.

MamaNeema_Uyole: Asanteni sana. Nimempigia shemeji, anasema waliyapasha. Friji sina, itakaa?

FundiMtindi: Kwa baridi ya Uyole itakaa siku chache. Ifunge kwa kitambaa safi, usiibane kwenye plastiki ikatoa jasho. Nunua kidogo kidogo. Na huko kuharisha, dada, kataje kliniki wampime na uzito.