Kitabu kile kile cha wanyama kila usiku: nisome tu au nisimame kueleza?

MzaziWaWawili:
Habari zenu, ndugu. Mtoto wangu wa miaka mitatu anapenda mno vitabu vya picha vya wanyama vilivyoandikwa kwa vina, na kati ya vyote ameshikilia kimoja tu. Nikiruka ubeti ananirudisha, na nikikaribia neno la mwisho analitamka kabla yangu. Je, kuna analojifunza kwa kukariri namna hiyo, au nimtafutie vitabu vipya hata kama atalia? Isitoshe, kila mnyama anapotokea mimi husimama kueleza anaishi wapi na anakula nini, lakini mtoto hukunja uso na kufunua ukurasa unaofuata. Mdogo wake, ambaye hajatimiza mwaka, yeye hutaka kukitafuna tu.

MwalimuWaChekechea:
Ndugu mzazi, usimnyang'anye kitabu chake. Katika utafiti wa Jessica Horst na wenzake uliochapishwa mwaka 2011, watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zile zile kwa kurudiwa waliyashika maneno mapya vizuri zaidi kuliko wenzao waliosomewa hadithi mbalimbali zenye maneno hayo hayo. Nionavyo mimi, mara ya kwanza mtoto huwa ameshughulika kufuata kisa. Akishajua kinachokuja, ndipo anapopata nafasi ya kuyasikiliza maneno yenyewe.

Wala anayekutangulia kutamka hakariri tu. Chukua mistari kama hii: "Ulichoshika si kamba, ni mkia wake mamba." Soma hadi "wake", kisha nyamaza huku ukimtazama usoni. Ili akuletee "mamba", sikio lake limekwisha kumwambia kwamba neno linalotakiwa lifanane na "kamba" mwishoni, na jicho limethibitisha kwa picha. Siku nyingine sema kusudi "ni mkia wake kobe", uone atakavyokukatalia. Mchezo huo una uzito kuliko unavyoonekana: mwaka 1983, katika jarida la Nature, Lynette Bradley na Peter Bryant walionyesha kwamba watoto wa miaka minne na mitano waliokuwa hodari wa kulitambua neno lisilolingana kwa sauti na mengine ndio waliokuja kufanya vizuri zaidi katika kusoma na kuandika miaka iliyofuata.

Maelezo yako yaache hadi mwisho wa kitabu. Ukikata ubeti katikati, kina cha kwanza kinapotea masikioni kabla cha pili hakijafika, na ndiyo maana anakunja uso.

MpendaMashairi:
Nakubaliana na mwalimu, ila niongeze tahadhari mbili. Kwanza, si kila kitabu chenye vina kinafaa. Vingine vimelazimishwa: mwandishi amepindua mpangilio wa sentensi au ameingiza neno lisilo na kazi, mradi silabi za mwisho zilingane, na mizani nayo inachechemea. Kabla ya kumletea mtoto, kisome kwa sauti ukiwa peke yako. Ulimi ukijikwaa mara mbili katika ukurasa mmoja, kirudishe ulikokitoa.

Pili, vitabu vingi vya aina hii huwavika wanyama suruali na kuwapa mawazo ya binadamu. Mimi sioni ubaya, kwani hiyo ndiyo ladha yake, lakini usitegemee kwamba humo mtoto atajifunza maisha ya wanyama. Patricia Ganea na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2014, waliona kwamba watoto waliosomewa habari za wanyama wanaotenda kama watu walijifunza ukweli mchache zaidi kuwahusu kuliko waliosomewa maelezo ya kawaida. Kwa hiyo anaishi wapi na anakula nini, hayo yatafutie kitabu kingine chenye picha halisi, msome mchana mtoto akiwa na hamu ya kuuliza. Cha usiku kiache kiwe cha kuimba.

MzaziWaWawili:
Ahsanteni sana. Jana nilijaribu hilo la "kobe", akaniziba mdomo kwa kiganja chake na kusema "mamba" mara tatu. Na huyu mdogo, je? Nimsubirishe hadi akue?

MwalimuWaChekechea:
Usimsubirishe. Kutafuna ndiyo njia yake ya kukijua kitu, basi mpe chenye kurasa za karatasi ngumu na pembe za mviringo, chenye mnyama mmoja mkubwa katika kila ukurasa. Kwa umri huo milio inatosha: paka "nyau", jogoo "kokoriko", kila mmoja kwa sauti yake, huku ukimwonyesha picha kwa kidole. Akigeuza kurasa nyuma mbele au akichoka kabla ya nusu, kifunge bila kumlazimisha. Na yule mkubwa mwachie nafasi amsomee mdogo wake kitabu anachokijua kwa moyo, hata kama hajui herufi moja.