Mama kaacha metfomini anakunywa manjano tu, naombeni ushauri

Mtoto wa Kongwa
Mbukwenyi wakuu. Mama yangu ana miaka 61 yuko Kongwa, sukari aina ya pili mwaka wa sita sasa, na alikuwa anameza metfomini asubuhi na jioni bila shida. Juzi nimetoka Dodoma mjini kwenda kumsalimia nakuta dawa za mwezi mzima ziko kabatini hazijaguswa, pembeni kopo limejaa unga wa manjano, anakoroga kijiko cha chai kwenye maji ya moto kabla ya uji wa uwele, vidole vimekuwa vya njano mpaka kwenye kucha. Anasema mwenzake wa kanisani kamwambia wataalamu wamethibitisha. Nikampima hajala kitu, ikasoma 13.8. Sitaki kumgombeza mama yangu, ila naogopa jamani. Nimwambieje?

Mama Zabibu
Pole mwanangu. Muulize kwanza kwa nini aliacha. Mimi metfomini ilinikimbiza chooni wiki tatu, kumbe nilikuwa namezea tumbo tupu.

Mfamasia Area C
Huo utafiti upo kweli mkuu, ila umemfikia mama nusunusu. Ulifanyika Thailand ukatoka 2012, watu 240 ambao sukari ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Nusu walipewa kapsuli za kurkumini, ndiyo ile kitu inayotia rangi ya njano, gramu 1.5 kwa siku miezi 9. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia kwenye kisukari, wakati wale wa kapsuli tupu waliingia asilimia 16.4. Matokeo mazuri sana, ila ni ya kuzuia, siyo ya mtu mwenye ugonjwa miaka sita aliyeacha dawa.

Halafu piga hesabu. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 hivi, kwa hiyo kufikisha gramu 1.5 anahitaji gramu 50 za unga, yaani vijiko vya chai 16 na zaidi kila siku, na hiyo yenyewe mwili unaipokea kidogo sana nyingine inapita tu.

Mgogo Halisi
Mbona baba yangu alitumia manjano na pilipili manga ikashuka kabisa?

Mfamasia Area C
Mgogo, mzee aliacha vidonge? Na ugali je, alipunguza? Pilipili manga kweli inasaidia kurkumini iingie kwenye damu, ila vile vidonge vikali vya kurkumini na pilipili manga vimeshaumiza watu ini. Za kwenye mboga hazina neno.

Mgogo Halisi
Vidonge alikuwa anaendelea navyo, na sembe aliacha. Hapo nimekuelewa.

Mtoto wa Kongwa
Asanteni sana. Nimempigia sasa hivi, Mama Zabibu umepatia, alikuwa anameza alfajiri kabla ya kwenda shamba, anakuja kula saa nne, tumbo likawa linamkata akaona aibu kumwambia daktari. Sikumgusia habari ya kutupa manjano, nimemwambia aitie kwenye mchuzi. Leo jioni atameza akiwa anakula, Jumatatu nampeleka kliniki mwenyewe. Mfamasia, nimesikia kuna metfomini inayoyeyuka taratibu, hiyo nimuulizie daktari?

Mfamasia Area C
Muulizie, inapoza sana tumbo. Na beba namba zote za kipimo umeziandika, pamoja na hiyo 13.8.