Mwanangu ana kipawa kikubwa: arushwe madarasa au aende shule maalumu? Naombeni ushauri

Mama Mwanzo
Habari za humu wakuu. Naandika nikiwa na mawazo hadi usingizi umenikataa, hivyo naombeni mnivumilie.

Nina mtoto wa kiume, miaka 7, yuko darasa la pili. Huyu si mtoto wa kawaida. Alijua kusoma kabla hajaanza shule na hakuna aliyemfundisha. Tulishtukia tu anasoma maandishi ya kwenye boksi la dawa. Ukimuuliza 38 mara 27 anatazama dari kidogo, anakwambia 1026. Majuzi kaniuliza kwa nini Mirihi ina miezi miwili wakati Zuhura haina hata mmoja, na jibu langu halikumridhisha.

Shule anayosoma haimtoshi. Asubuhi ni kilio, jioni anarudi amenuna. Nina njia mbili mbele yangu: kumwombea arushwe hadi darasa la nne, au kumpeleka shule ya bweni yenye programu ya watoto wenye vipawa, ambayo iko mbali na nyumbani. Wenye uzoefu, lipi bora? Sitaki kipawa cha mwanangu kiozee pale alipo.

Nyati Mpole
Hongera dada, hiyo ni neema. Mrushe, usisite. Mimi nilirushwa darasa nikiwa mdogo. Masomo hayakunisumbua hata kidogo, kilichonisumbua ni mpira: kila timu ilipopangwa mimi nilikuwa wa mwisho kuitwa, na mara nyingine sikuitwa kabisa. Lakini nilimaliza shule mapema na sikuwahi kuchoshwa darasani. Nina watoto watatu sasa, wote wamechukua kichwa cha mama yao, na mama yao anasema ndiyo salama yao.

Bibi Tausi
Wanangu, mwacheni mtoto awe mtoto. Miaka saba ni ya kubebwa mgongoni, si ya kupelekwa bweni. Kuna yule kijana wa Marekani, William James Sidis, aliingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11. Magazeti yakamwandama. Alipokua akajificha na umaarufu wote, akawa anafanya vikazi vya ofisini, akafa mwaka 1944 akiwa na miaka 46. Kipawa kilimfaa nini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi wa siku hizi mnataka sifa kupitia watoto.

Kokoto
Bibi, kwa heshima zote, mtu mmoja si ushahidi. Wapo waliopelekwa mbio wakatulia vizuri. Terence Tao wa Australia alianza kukaa darasa la hisabati la sekondari akiwa bado wa umri wa shule ya msingi. Mwaka 1988, akiwa ndio kwanza anatimiza miaka 13, akachukua medali ya dhahabu ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, na mwaka 2006 akapata Medali ya Fields, tuzo kubwa kabisa ya wanahisabati. Chuo Kikuu cha Iowa nacho kilitoa ripoti mwaka 2004 iliyokusanya tafiti za miaka mingi: watoto wenye uwezo mkubwa wanaorushwa madarasa kwa kawaida hawadhuriki, si kimasomo wala katika kuishi na wenzao.

Ila mleta mada, zingatia hili. Wazazi wa Tao hawakumbeba mzimamzima wakamtupa juu. Kila somo alilisoma kwa ngazi aliyoiweza. Hilo shule nyingi zinaweza kulifanya bila programu yoyote maalumu, mradi ratiba mbili zioane.

Fundi Chaki
Nafundisha shule ya msingi, madarasa ya chini. Nimesoma bandiko lako mara mbili, dada. Umetueleza Mirihi, umetueleza boksi la dawa, lakini hakuna sentensi hata moja ya mwalimu wake wa darasa. Anasemaje? Ripoti ya muhula inasomekaje? Na huo uwezo amepimwa na nani?

Mama Mwanzo
Asanteni wote. Fundi Chaki, walimu wa pale hawamwelewi, darasa limejaa. Nilimfanyisha jaribio la akili la kwenye intaneti akapata 142. Na shule maalumu walimsaili, wakakaa naye karibu asubuhi nzima wakizungumza, wakasema hawajaona mtoto anayejieleza vile.

Fundi Chaki
Hilo la intaneti liweke kando kabisa. Kwenye vipimo vinavyoheshimika wastani ni 100, na wanaofika 130 ni kama wawili katika kila mia. Namba inayotoka kwenye tovuti haina mizani hiyo. Na hata vipimo vya kweli huwa vinawaruka watu. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kufuatilia watoto zaidi ya elfu moja waliochaguliwa kwa kipimo cha akili. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa watoto, hawakufikia kiwango, wakaachwa nje. Shockley alipata Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968.

Sasa rudi kwenye swali langu, maana umelipita. Mwalimu amesema nini?

Nyati Mpole
Fundi, usimkamue dada wa watu kama yuko kituoni.

Fundi Chaki
Simkamui. Ushauri wa kumrusha mtoto bila kujua anafanyaje darasani sitautoa.

Mama Mwanzo
Haya. Mwalimu anataka akariri darasa la pili.

Haandiki. Anajua jibu lakini halifiki kwenye karatasi. Daftari lake la hisabati lina majibu tu, hakuna njia, kwa hiyo wanampa nusu ya alama au wanaandika kwamba ameangalizia. La imla ndilo linaniumiza zaidi. Herufi zinapanda mstari na kushuka, b inageuka d, na sehemu aliyofuta mara nyingi karatasi imetoboka, unaona ukurasa wa pili kupitia tundu. Neno ambalo analisoma bila kusita hawezi kuliandika likatimia. Wakati wa mapumziko wanambakiza ndani amalizie kazi. Kilio cha asubuhi kinatoka hapo.

Sikuandika mwanzoni kwa sababu najua watu wakisikia "akariri" wanafunga masikio, mtoto anageuka kilaza na mama anageuka mwenye ndoto. Na niseme yote: barua ya kumtoa pale nimeshaiandika na nafasi ya bweni nimeshaikubali. Baba yake anasema nina haraka. Lakini mimi ndiye ninayemvalisha viatu akilia. Pale wamemsikiliza akiongea, ndiyo mara ya kwanza shule yoyote kufanya hivyo.

Jicho la Tatu
Hii ni chai, wakuu. Mtoto anayezidisha tarakimu mbili kichwani ghafla kawa wa kukariri darasa? Juu kule una njia mbili unaomba tukuchagulie, huku chini barua imeshaandikwa na nafasi imeshakubaliwa. Aliyekwisha kuamua haombi ushauri. Mimi nasema huu ni uzi wa biashara: subirini, bandiko mbili zijazo atataja jina la hiyo shule na namba ya simu.

Kijiti
Hata mimi nilishtuka kwenye 1026. Nimepiga hesabu kwa simu, ni kweli, lakini mtu mzima naye ana simu. Tuwekee picha ya daftari.

Bibi Tausi
Kama ni uongo, kumtungia mtoto maradhi si jambo jema.

Mama Mwanzo
Jina la shule sikulitaja na sitalitaja. Picha ya daftari la mwanangu siiweki mtandaoni, atakuwa mkubwa siku moja. Asiyeamini apite. Nimeandika kwa sababu muhula unakwisha na sina mtu wa kumuuliza.

Dira
Jicho la Tatu, mimi nimelea hadithi hiyohiyo nyumbani kwangu, kwa hiyo nitakujibu.

Mtoto anaweza kuwa na kipawa na ugumu wa kujifunza kwa wakati mmoja. Ugumu wa kuandika una jina, unaitwa disgrafia, na hauhusiani na uvivu wala na akili ndogo. Watoto hawa ndio wanaopotea kirahisi kuliko wote, kwa sababu kipawa kinaficha ugumu na ugumu unaficha kipawa, na mwalimu anaona mtoto wa katikati asiyejituma. Binti yangu aliitwa mvivu hadi tulipompeleka kwa mwanasaikolojia wa elimu. Walitumia WISC, kipimo cha akili cha watoto. Kina sehemu nyingi: kuna ambako mtoto anajibu kwa mdomo, na kuna ambako anakimbizana na saa akiwa na penseli mkononi. Upande wa maneno alipaa, upande wa kasi akaanguka vibaya. Ukijumlisha ukagawanya unapata mtoto wa kawaida, na mtoto huyo wa kawaida hayupo popote. Yule mtaalamu alituonyesha pengo, akasema tusiangalie jumla.

Mama Mwanzo, hiyo karatasi iliyotoboka nimeiona kwa macho yangu. Nakuamini.

Jicho la Tatu
Dira, nimekusoma na hilo la pengo nimelielewa. Lakini bado nauliza: barua ilitangulia kipimo kwa nini?

Mama Mwanzo
Kwa sababu nafasi zilikuwa zinajaa, na kwa sababu mtoto anayelia kila asubuhi hangojei foleni ya kipimo. Ningekuwa pale tena ningeikubali hiyo nafasi.

Fundi Chaki
Sasa tunaongea. Dada, nitakwambia kama mwalimu. Kumrusha hadi la nne bila msaada ni kumuongezea kuandika mara mbili, maana huko ni insha na kunakili ubaoni. Kumkaririsha ni kumrudishia yaleyale anayoyajua, na mkono wake utabaki vilevile, kwa sababu tatizo la mkono haliponi kwa kurudia mwaka. Bweni nalo lina masomo ya jioni. Nani atakaa naye pale penseli inapomkataa? Anayejua kumwangalia ni wewe, na wewe utakuwa mbali.

Ningekuwa mwalimu wake ningempeleka hisabati na la nne, ajibu kwa mdomo au kwa kuchapa kwenye kibodi, masomo mengine abaki na wenzake, na mapumziko arudishiwe kesho asubuhi. Kumnyima kucheza kwa sababu ya mwandiko ni adhabu kwa kitu asichokitenda.

Mama Mwanzo
Shule ya sasa haitakubali hayo, Fundi. Nimekaa nao. Wameniambia hawawezi kuwa na utaratibu wa mtoto mmoja.

Kokoto
Waliambiwa na mama. Hawajaambiwa na ripoti ya mtaalamu. Ni mazungumzo mawili tofauti.

Mama Mwanzo
Hilo nalichukua. Nitamtafutia kipimo likizo hii, baba yake ameshakubali kuambatana nasi. Barua siiondoi na nafasi ya bweni siiachii mpaka nijue. Lakini kabla ya kuthibitisha kwa mara ya mwisho, niwaulize nini wale wa shule maalumu? Nikienda pale wanasifia tu, na mimi nikisikia mwanangu anasifiwa nasahau maswali.

Dira
Nenda na haya yameandikwa, umpe na baba yake nakala. Je, wamewahi kuwa na mtoto anayejua na asiyeandika, na walimfanyia nini? Mtihani wao wa kupanda darasa una njia ya mdomo au ya kuchapa? Je, kuna mtu pale wa kufanya naye mazoezi ya mkono, na ni mara ngapi kwa wiki? Alama zikishuka, je, anaondolewa kwenye programu? Hilo la mwisho liulize mbele ya mkuu wa shule, maana programu nyingi zinapokea kwa usaili na kutoa kwa alama za karatasi. Kisha omba uone daftari la mtoto yeyote wa darasa atakalokaa, uhesabu kurasa anazotakiwa kujaza kwa siku moja.

Na yeye mwenyewe je, ameulizwa kama anataka kwenda?

Mama Mwanzo
Ameulizwa. Aliuliza kama huko wanaruhusu kujibu bila kuandika. Nilimwambia nitauliza.