Tupeane uzoefu: maneno ya Kiingereza tunayoyachanganya

Mhariri wa Zamu
Wakuu, habari za kazi. Nahariri maandishi ya Kiingereza ya watu wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima, na kuna jambo naliona kila wiki. Orodha nyingi za maneno yanayochanganya zimeandikwa kwa ajili ya wenye lugha yao: "their" na "there", "its" na "it's". Wao walijua sauti kabla ya tahajia, ndiyo maana wanateleza hapo. Sisi wengi tunateleza kwingine, pale Kiswahili kinapotosheka na neno moja na Kiingereza kikataka mawili.

Chukua "borrow" na "lend". Tunasema "niazime kalamu", na pia "nimeazima kalamu kwake". Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima. Matokeo yake msomi kabisa anaandika "borrow me your pen" bila kusita. Ninachowaambia ni hivi: fikiria fedha kwanza, maana kwenye fedha Kiswahili kinatenganisha. Ukiwa unakopa, ni "borrow from". Ukiwa unakopesha, ni "lend to". Wengi wakishapita njia hiyo hawarudii tena.

Leta lako: neno gani, lilitokea wapi, mlilimalizaje?

Muuguzi wa Usiku
Kwetu ni "hyper" na "hypo". Yote ni ya Kigiriki, la kwanza ni juu, la pili ni chini. Kwenye karatasi hayana shida sana, shida ni kwenye simu. "Hypoglycaemia" sukari imeshuka, mgonjwa anahitaji sukari haraka. "Hyperglycaemia" imepanda, na huyo huenda akahitaji insulini. Ukimchoma insulini mtu ambaye sukari yake imeshuka, unaweza kumpoteza.

Usiku mmoja mwenzangu alipokea taarifa ya mgonjwa wa kisukari, akairudia kwa sauti: "hyper". Daktari upande wa pili akamkatiza papo hapo: kipimo ni 2.6! Hiyo ni milimoli kwa lita, na kwa mgonjwa wa kisukari chini ya 4 tayari ni hatari. Tangu siku ile zamu yetu haipokei neno bila namba, na tunamalizia kwa Kiswahili: imeshuka, au imepanda.

Mtafsiri
Mhariri umegusa penyewe. Langu ni usalama. Nililetewa mwongozo nihakiki, kichwa chake "Security at Work". Nafungua ukurasa wa kwanza: ngazi ziegemezwe vipi, glavu zivaliwe lini, sakafu ikilowa ifanyweje. Hakuna mlinzi wala kufuli humo ndani. Hiyo ni "safety", kujikinga na ajali. "Security" ni kujikinga na mtu mwenye nia mbaya. Ninapopata neno usalama sasa najiuliza: hatari hii inaletwa na bahati mbaya, au na mtu?

Mguu nao una kesi yake. Fomu ya bima iliandikwa "leg" na picha zinaonyesha jeraha liko kwenye unyayo, yaani "foot". Fidia ya vitu hivyo viwili inaweza kutofautiana, kwa hiyo nikarudisha fomu kwa mwenyewe.

Mkalimani
"He" na "she". Yeye ni yeye, basi. Kabla ya kuanza kazi nauliza wanaotajwa ni wanaume au wanawake, naandika pembeni mwa daftari.

Kocha
"We won them 3-1" naisikia kila mechi. Unashinda mechi, "win". Mpinzani unamfunga, "beat".

Mwanachuo
Naombeni msaada wa "affect" na "effect". Msimamizi wangu amezungushia wino karibu kila ukurasa.

Mhariri wa Zamu
Mdogo wangu, kwa tasnifu nyingi hii inatosha: "affect" ni kitenzi, kuathiri, "effect" ni nomino, athari. Jaribu kuweka "the" mbele yake. Ikikaa vizuri, andika "effect". Ipo "effect" ya kitenzi, kama "effect change", maana yake kuleta badiliko, lakini usiihangaikie sasa.

Mtunza Ghala
Naongeza moja ambayo Kiswahili hakihusiki kabisa: "inflammable". Kijana mgeni ghalani alisogeza mapipa ya kiyeyusho karibu na mahali tunapochomelea vyuma. Nilipomuuliza, akanionyesha lebo kwa kujiamini: mkuu, imeandikwa haishiki moto. Alisoma "in" kama ile ya "incorrect". Kumbe "inflammable" na "flammable" maana yake ni moja, vyote vinawaka. Kisichowaka ni "non-flammable". Sikumlaumu, neno lenyewe ni mtego. Tuliyaondoa mapipa, tukabandika mchoro wa moto juu ya kila lebo, na mzigo mpya ukija wenye neno lile hauingii ndani mpaka ubandikwe.