Simu za intaneti ofisini zinakatakata kila alasiri, kipaumbele nimeweka ila wapi!

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Ofisi yetu Dar ni ya uwakala wa forodha: simu 12 za intaneti, ruta ya MikroTik, faiba ya Mbps 20 kupakua na 10 kupakia. Asubuhi simu safi kabisa. Ikifika saa tisa, nyaraka za mizigo zinapoanza kutumwa, wateja wanasema sauti zetu zinakatika. Sisi tunawasikia vizuri tu. Kwenye ruta, foleni ya data za simu nimeipa kipaumbele cha 1, cha juu kabisa, hola. Mtoa huduma anasema tupande kifurushi. Nimpe hela?

Mzee wa Kebo: Hela kaa nayo kwanza. Simu ya G.711 (kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kbps 87 kila upande. Zote 12 zikiongea kwa pamoja ni Mbps 1 na kitu. Anayeumia ni anayewasikiliza nyie, kwa hiyo panapobanwa ni kwenye kupakia.

kijana_wa_seva: Badili kodeki iwe G.729, nyepesi.

Mzee wa Kebo: Nyepesi ndiyo, ila pakiti (vipande vya data) zikipotea inaharibika hata kuliko G.711. Mkuu mleta uzi, foleni mama, ile inayobeba foleni zote, umeiwekea max-limit (kikomo cha kasi)? Bila hiyo kipaumbele ni pambo. Faili zinarundikana kwenye kifaa cha mtoa huduma, na huko ruta yako haina amri. Weka Mbps 9, chini kidogo ya kasi halisi, ili msongamano ubaki kwako. Simu zipe limit-at (kasi ya uhakika) ya Mbps 1.2.

Mleta uzi: Nimeweka. Foleni ya simu inasoma sifuri, na watu wanaongea!

Dada Mitandao: FastTrack hiyo, njia ya mkato ya pakiti ndani ya ruta. Ipo kwenye faiwoli ya kiwandani, na pakiti zikipitia humo hazigusi Mangle, sehemu ya kuzitia alama za foleni, alama zitatoka wapi? Izime. Kisha hakikisha simu zenyewe zinatuma sauti kwa DSCP 46 (alama ya kipaumbele ndani ya pakiti), ndiyo uikamate kwa namba hiyo. SIP ALG (kipengele cha ruta kinachorekebisha taarifa za simu za intaneti) nayo zima ukiwa humo humo, ingawa kesi yake huwa ni sauti ya upande mmoja, siyo hii.

Mleta uzi: Dada ubarikiwe, namba zinasogea! Tawi la Arusha je, alama hiyo ya DSCP itafika nayo?

Dada Mitandao: Kwenye intaneti ya kawaida usiitegemee. Ruta ya Arusha ipangie foleni zake.