Kupitisha matukio upya kunatuma malipo mara ya pili

asali_tbr: Wakuu, mfumo wetu wa kununua asali hapa Tabora unahifadhi kila kitu kama matukio. Ndoo ikipimwa linaandikwa AsaliImepimwa, kisha hendla moja (kipande cha programu kinachoitikia tukio) inakokotoa salio la mfugaji, inaagiza malipo ya simu na kutuma meseji. Tukipitisha matukio upya ili kujenga jedwali jipya la salio, malipo na meseji vinatoka tena. Je, bendera ya "tunarudia", yaani swichi ndani ya programu ya kuzuia malipo na meseji wakati wa kurudia, inatosha?

fundi_nyuma: Haitoshi mkuu, siku mtu akisahau kuiwasha pesa imeshatoka. Gawa hendla. Ya salio iguse jedwali lake tu, ili hata ukilifuta na kulijenga mara kumi pasiharibike kitu. Ya malipo iwe na alama yake ya namba ya tukio ilipofikia, na alama hiyo hairudi nyuma. Ukija kuongeza hendla ya meseji, ianzie tukio la mwisho, si la kwanza.

Halafu bei ya kilo iandikwe ndani ya tukio. Ukiisoma kwenye jedwali la bei wakati wa kujenga upya, asali ya msimu uliopita inahesabiwa kwa bei ya leo.

mzeewa_muamala: Alama peke yake bado ina tundu. Programu ikilipa kisha ikazimika kabla ya kuhifadhi alama, ikiwaka inalipa tena. Kwa hiyo hendla ya malipo isiwasiliane yenyewe na mtoa huduma wa malipo ya simu. Iandike mstari kwenye jedwali la yanayosubiri kutumwa, katika muamala uleule wa hifadhidata unaosogeza alama, ili vyote viwili vihifadhiwe pamoja au visihifadhiwe kabisa. Kitambulisho cha tukio kiwekewe UNIQUE, yaani hifadhidata ikatae kinachojirudia. Kutuma ni kazi ya programu nyingine. Zikiwa mbili, zichukue mistari kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED, yaani kila moja iufunge mstari inaoushika na kuruka uliofungwa na nyingine.

Namba ya kumbukumbu ya malipo anayopewa mtoa huduma itokane na kitambulisho hicho cha tukio. Wengi hutengeneza namba mpya kila wanapojaribu, ndipo wanapolipa mara mbili. Sekunde 30 zikipita bila jibu, usiandike kwamba malipo yameshindikana, maana hujui. Uliza hali kwa kumbukumbu ileile, kisha jibu liingie kama tukio: MalipoYamethibitishwa au MalipoYamekataliwa.

asali_tbr: Na kama mtoa huduma hakatai kumbukumbu iliyojirudia?

mzeewa_muamala: Basi usijaribu tena kwa mashine. Yasiyo na jibu yaende kwa mhasibu, alinganishe na taarifa ya siku ya mtoa huduma. Meseji ikijirudia ni kero tu, iache. Waliokwisha kulipwa zaidi usiwafutie tukio, andika SalioLimerekebishwa na ukate kwenye ndoo zijazo, mkishakubaliana nao.